Kigoma kwa Masikio: Matembezi ya Muziki kutoka Stesheni hadi Ujiji

Mgeni akifika Salzburg, nchini Austria, hupelekwa mbio kwenye nyumba alimozaliwa Mozart mwaka 1756. Akifika Mji Mkongwe wa Unguja, mtembezaji humsimulia jinsi Sultani Barghash alivyompeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ala ya kanuni, kisha humtajia Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905 na kinachopiga hadi leo. Mgeni huyohuyo akifika Kigoma hupakiwa garini, hushushwa Ujiji palipokuwa na mwembe, huambiwa hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, hupigwa picha, hurudishwa hotelini. Wazungu wawili walisalimiana, basi. Wenyeji waliosimama pembeni wakitazama salamu hizo, watu wenye ngoma zao, dufu zao na waimbaji wao, hawamo katika masimulizi.

Nadai kwamba Kigoma ina muziki wake wa asili, wenye kanuni, walimu na wenyewe, na kwamba mtu anaweza kuufuata kwa miguu na kwa daladala. Tatizo ni kwamba muziki huo haukai ndani ya majengo. Unakaa ndani ya shughuli. Kwa hiyo anayetaka kuusikia aanze kwa kutazama mwezi kabla ya kutazama ramani. Maulidi na ziara huenda kwa mwezi mwandamo, na dagaa pia huenda kwa mwezi: wavuvi wa Kibirizi na Katonga huingia ziwani usiku wa giza, wakati taa zao zina nguvu ya kuwavuta dagaa juu, na mbalamwezi ikiwaka wanabaki nchi kavu. Siku hizo za mbalamwezi ndizo zenye nafasi ya kuoza, kuolewa, kukesha na kutumia. Mpigaji anayejua mji wake hapangi onyesho kubwa kwenye giza.

Matembezi yangu yangeanzia stesheni, si kwa ajili ya uzuri wa jengo la Wajerumani, ingawa ni zuri. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1914, baada ya kilomita kama 1,250 kutoka Dar es Salaam. Iliyokusudiwa ibebe askari na mizigo ikaja kubeba pia magitaa. Miaka ya 1960 kila mji wa Tanganyika wenye kujiheshimu ulitaka kuwa na bendi yake ya jazz: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Atomic Jazz ya Tanga. Kigoma ilikuwa na Lake Tanganyika Jazz Band. Hata kule Dar es Salaam, Western Jazz ilichukua jina lake kutoka Jimbo la Magharibi, ambalo Kigoma ilikuwa sehemu yake. Bendi hizi zilipiga muziki wa mpangilio: gita la solo, la rizimu na la besi, kila moja na kazi yake, tarumbeta zikingoja zamu, na mwimbaji akijua beti ziishe wapi ili wacheza dansi waachiwe uwanja.

Kutoka stesheni si mbali sana hadi Bangwe, alikotoka Shem Ibrahim Karenga. Alianzia hapa, katika Lake Tanganyika Jazz, kabla ya kupanda treni kwenda Tabora na kujiunga na Tabora Jazz. Huko ndiko alikotunga “Dada Asha” na “Kaza Moyo”, nyimbo ambazo redio bado inazipiga na ambazo wengi wa rika langu wanaziimba bila kujua kwamba mtunzi wake alikulia kando ya ziwa. Alifariki mwaka 2014. Ingekuwa Salzburg, pale Bangwe pangekuwa na kibao.

Bandarini, hatua chache kutoka kwenye reli, ndipo upande wa pili wa habari ulipo. Wabelgiji waliutwaa mji mwaka 1916, na hata baada ya Waingereza kukabidhiwa Tanganyika, Wabelgiji walibaki na eneo lao la bandari kwa mkataba wa mwaka 1921. Meli zilikwenda na kurudi Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Shaba na pamba zilipita, na santuri zikapita pamoja nazo, kwanza zile za Kuba zilizowafundisha Wakongo upya mapigo yaliyovuka bahari na babu zao, halafu za Wakongo wenyewe. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa ombi la Kongo zote mbili. Sina kinyongo na hilo, ila mtu yeyote aliyewahi kukaa mtaa wa Mwanga siku ya Jumamosi jioni anajua kwamba rumba ina ndugu upande huu wa maji pia. Remmy Ongala mwenyewe, ambaye Watanzania tulimfanya wetu hadi kifo chake mwaka 2010, alizaliwa Kindu, katika nchi ileile ya Manyema walikotoka mababu wa nusu ya Ujiji.

Dansi ina adabu zake, na iliyo kubwa ni kutuza. Mpenzi wa bendi haketi akapiga makofi tu. Anasimama, anacheza taratibu hadi jukwaani, noti ikiwa wazi mkononi, anaibandika kwenye paji la uso la mpiga solo, anarudi nyuma akicheza vilevile. Kwenda kwa haraka kama mtu anayelipa deni ni utovu wa adabu. Kutaja jina la aliyetuza katikati ya wimbo ni kazi ya mwimbaji, na mwimbaji mzuri hulitia jina hilo katika mahadhi bila kuuvunja wimbo.

Barabara ya Lumumba inapanda hadi Mwanga. Hapa sitakaa sana. Kwenye viwanja vya Community Centre mji hukutana kwa siasa na kwa burudani, na Jumapili asubuhi makanisa ya jirani hushindana kwa kwaya. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879 wakiwa na nyimbo za Kilatini, lakini kwaya za leo zimejifunza zaidi kutoka kwa jirani. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipita mkoa huu, na wengine wakapelekwa Ulyankulu, Tabora, ambako ilizaliwa kwaya ya Barabara ya 13 iliyosikika nchi nzima. Kanisani nako watu hutuza: siku ya kuzindua albamu, waumini hupanda mbele wakicheza na kuacha fedha kwenye kapu. Mchungaji ataiita sadaka. Miguu inasema ni tuzo.

Daladala la Ujiji huchukua muda mfupi tu, na ukishuka Kitongoni unahisi umeingia mji mwingine, wenye baraza, kanzu na miembe mizee. Huu ndio ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, na waliobaki hapa, wapagazi, wafanyabiashara, watumwa na watoto wao, wengi wakiwa wametoka ng'ambo ya ziwa, ndio walioitwa Wamanyema. Walisambaa tangu zamani: Kariakoo, Dar es Salaam, kuna Msikiti wa Manyema hadi leo.

Na hapa ndipo penye sanaa ambayo mimi ningeiweka juu ya zote kwa ukali wa kanuni. Ujiji ni mji wa twarika ya Kadiria. Twarika hiyo ilienea Afrika Mashariki kwa juhudi za Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, na mmoja wa masheikh wakubwa wa twarika hiyo pwani, Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, alikuwa mtoto wa Manyema aliyefikishwa pwani kama mtumwa, akasoma, akawa khalifa ambaye mabwana wa zamani walikwenda kumbusu mkono. Njia iliyompeleka pwani ndiyo iliyoleta zikri bara.

Usiku wa zikri watu husimama kwa safu au duara, bega kwa bega. Kasida huanza polepole, sauti moja ikitangulia na nyingine zikiitikia. Kisha jina la Mungu huanza kurudiwa, miili ikiinama na kuinuka pamoja, hadi maneno yanapotoweka na kubaki pumzi tu, pumzi nzito za vifua mia moja, juu yake kasida ikiendelea kuelea kama ndege juu ya maji. Anayeongoza huongeza kasi kwa ishara ndogo ya mkono. Hakuna anayekosea mahali pa kukata. Mtu hajifunzi hayo kwa kusikiliza kanda; hupewa ijaza, yaani idhini, na sheikh wake, naye sheikh alipewa na wake, mnyororo unaorudi nyuma karne kwa karne. Walimu wa chuo chochote cha muziki cha Ulaya wangeona wivu.

Lakini mgeni asithubutu kusema amekuja kusikiliza muziki. Ataambiwa, kwa upole, kwamba hiyo ni ibada. Wapo hata Waislamu wa mji huohuo wasioikubali zikri ya namna hii, na wengine wanaopinga dufu kabisa, na mabishano hayo si ya jana. Kwa hiyo sanaa iliyo kali kuliko zote Kigoma ndiyo ambayo wenyewe wanakataa kuiita sanaa. Mtembezaji mwenye akili ataomba ruhusa kwa wazee mchana, atawavisha wageni wake kwa heshima, wanaume huku na wanawake kule, na atawaonya wazime simu. Kutuza kupo hata hapa, ila kwa siri: unampa mzee mkono, na kilichomo ndani ya kiganja unakijua wewe na yeye.

Wanawake wa Ujiji wana chuo chao. Mwari hufundwa na somo kwa nyimbo ambazo mwanamume hatakiwi kuzijua, nami nitaheshimu mpaka huo. Kinachoonekana nje ni ngoma ya harusi: sare za khanga, matari, duara la akina mama, noti zikipita hewani waziwazi, na anayetuzwa leo akikumbuka nani wa kumrudishia kesho. Siku hizi spika zimekuwa kubwa kuliko uwanja na nyimbo za simu zimechukua nusu ya usiku. Nyimbo za kumfunda mwari bado hazijapatikana kwenye simu, na naomba zisipatikane.

Kuna kituo kimoja kisichofikika kwa miguu. Ngoma za enzi za Buha zilikuwa milimani, Heru na tawala nyingine za Waha, ambako ngoma ilikuwa alama ya utawala wa Mwami, yaani mtawala wao, kuliko kiti. Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke, alikuwa miongoni mwa watawala wa mwisho kabla Serikali haijafuta uchifu mwaka 1963. Ngoma ikabaki bila mtawala, ikahamia kwenye sherehe za kitaifa na kupokea viongozi. Ng'ambo ya mpaka, ngoma za kifalme za Burundi ziliingia orodha ya UNESCO mwaka 2014, na mwaka 2017 serikali ya nchi hiyo ikawakataza wanawake kuzipiga. Warundi waliokimbilia kambi za mkoa wa Kigoma wamekuja na ngoma hizo, na uamuzi wa nani apige nini umekuja nazo.

Vijana watasema nimesahau bongo fleva. Sijasahau. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwamo, walikusanyika wakaimba “Leka Dutigite”, na mji ukaringa mwaka mzima. Ila wimbo huo hauhitaji mtembezaji. Unao ndani ya simu yako.

Kinachohitaji mtembezaji ni hayo mengine. Manispaa ya Kigoma Ujiji haihitaji jumba la makumbusho ili kuanza. Iwaite wazee wa twarika, wapiga gita waliobaki na viongozi wa kwaya, iwaulize nini kinaruhusiwa kuonyeshwa na lini, iwalipe, na iweke jina la Karenga pale Bangwe. Wewe msomaji ukipanga safari, chagua mbalamwezi, funga kanzu au khanga kwenye mkoba, na vunja fedha yako iwe noti ndogondogo, kwa sababu wapigaji wa Kigoma hawana mshahara zaidi ya hizo.