Siku ya Mwisho Coasto Si Yako

Kabla nifike Coasto nilikuwa naijua kwa mchanga. Mi huosha ndae za mababi wa Loresho, na kila Januari wakitoka Diani nachomoa kapeti za gari, nazigonga kwa ukuta, mchanga mweupe unamwagika kama chumvi. Miaka mitatu nimefagia bichi sijawahi kuiona. Ndio maana mbogi yetu ya Kibagare ikaanza chama: wasee wanne, kila mtu finje kwa siku, miezi nane. Piga hesabu, ni kama thao kumi na mbili kwa kila mse. Agosti tukaishia.

Siku nne za kwanza sitakuchosha nazo. Unajua vile huenda: maji, jua, viazi karai, picha mia mbili, kulala kwa mchanga wa bichi ya Pirates mpaka mgongo unabambuka. Hizo ni zako. Ya tano, ile ya kurudi, ni ya watu wenye hawakukam.

Niliamka nikapata simu imejaa oda. Siz anataka mabuyu, yale mekundu ya kuchafua ulimi. Mama mboga, mwenye nilihepa na deni lake, anasema nikimletea achari ya embe tutabonga vizuri. Mathe hajaitisha kitu, na hiyo ndio oda noma kuliko zote, juu mathe akisema "rudi tu salama" anamaanisha leso. Alafu kuna soja wa geti fulani hapo Loresho. Huyo mzee amefungulia gari za Coasto geti miaka na miaka, zikienda na zikirudi, na yeye bahari hajawahi kuicheki. Aliniambia kitu moja tu: "Kijana, niletee maji ya bahari. Kachupa tu."

Kwa mfuko nilikuwa na 3,200. Toa 1,500 ya treni. Wasee walidandia hii SGR ikianza 2017 walilipa 700, ikapanda ikawa thao, na tangu Januari 2024 ni thao na mia tano. Imebaki 1,700 ya kufurahisha kijiji kizima.

Oda ya soja pekee ndio ilikuwa sare, so nikaanza na hiyo. Saa kumi na mbili asubuhi niko bichi na chupa ya nusu lita, na bahari haiko! Imeenda huko mbali, imeacha mawe na majani. Mvuvi mmoja akanicheki nikishangaa, akacheka: "Maji yamekupwa, ndugu yangu. Yafuate." Nikayafuata, ndula mkononi, dakika kama kumi hivi, nikajaza.

Kutoka hapo ni Biashara Street, mtaa wa leso. Nikachagua moja ya zambarau, rangi fiti, nikauliza, "Mathe, hii ni ngapi?" Mama wa duka akaniangalia tu. "Salamu kwanza, mwanangu." Nikarudi nyuma, nikaamkia, nikaanza upya. Akauliza, "Wampelekea nani?" Mathe wangu, nikasema. Akasoma maneno ya pale chini, akaivuta leso akairudisha kwa rafu. "Hii ni ya kumrushia mke mwenza. Mamako agombana na nani?" Maze, kidogo nipeleke vita kejani na pesa yangu mwenyewe! Akanichagulia nyingine yenye dua, doti nzima, 700. Tangu hiyo siku najua leso hainunuliwi na macho pekee.

Marikiti ikala mia tano: mabuyu, achari, kachiri ya muhogo yenye ndimu na pilipili. Beshte yangu mmoja akadhani ataokoa doh abuy mabuyu tukifika Nairobi. Tukamwambia siz wake atajua. Watu wa home hawaonji mabuyu, wanaonja kama uliwakumbuka.

Mat mpaka Miritini. Pale steshoni mabegi yanapangwa laini kwa sakafu, mbwa anapita akinusa, na nyinyi mmesimama kando kama watoto wa shule. Mashine ikaona chupa. "Hii ni nini?" askari akauliza. Nikafungua nikapiga funda moja kabla niambiwe, asije akadhani ni jin. Uso ukajikunja wenyewe. Askari akacheka, akanipungia nipite.

Saa tisa kamili treni ikatoka. Kitu wasee hawakuambii ni vile kochi huwa kimya safari ya kurudi. Wakati wa kwenda watu walikuwa wanaimba. Sasa kila mtu amebeba lunchbox ya mahamri kwa mapaja, ngozi inawasha, anahesabu rent. Baada ya Voi ndovu wakatokea, wekundu kama wamepakwa udongo wa Tsavo, na ni kweli wamejipaka. Reli imeinuliwa hapo, imeachwa nafasi wapite chini.

Ni hapo Tsavo, 1898, simba wawili walimanga wajenzi wa ile reli ya zamani mpaka kazi ikasimama. Patterson, yule mhandisi wa daraja, akawapiga risasi, ngozi akazifanya kapeti, na baadaye akaziuza kwa makumbusho ya Field kule Chicago. Mpaka leo wako huko, wamejazwa, wamewekwa nyuma ya kioo. Mi kama mtu wa kugonga kapeti, hiyo story iliniingia vibaya. Kuna wenye hutoka Coast na hawarudi home kabisa.

Mtito Andei, Emali, giza. Tumetoka usawa wa bahari, tunapanda mpaka kama mita 1,600, na mwili unajua. Syokimau mlango ukafunguka njeve ikaingia bila hodi. Mbogi yote ikatoa marvin kwa bag wakati mmoja, kama tulikuwa tumepanga. Treni ndogo mpaka tao, mat ya Kangemi, Waiyaki Way iko wazi, tukashukia steji ya Loresho. Mfukoni imebaki mbao.

Nikawaacha maboyz wateremke Kibagare, mi nikapitia kwa geti. Soja alikuwa amejikunja kwa koti kubwa, jiko kando. Nikamsalimia vile nilifunzwa Biashara Street, salamu kwanza. Nikampa chupa. Akaitingisha mbele ya taa ya geti, mchanga kidogo ukainuka, ukashuka pole pole.

Akamwaga kidogo kwa kifuniko, akachovya kidole, akaonja. Akanyamaza.

"Kumbe ni chumvi kweli," akasema. "Hawa watu miaka yote nilidhani wananibeba ufala."

Ndae ikapiga honi nje. Akaficha chupa ndani ya koti, akaenda kufungua geti.