Duka la Wafumaji wa Rochdale

Leo twapenda kuwaeleza habari za mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, jina lake Rochdale. Mji huu si mkubwa kama Manchester, jirani yake ulio upande wa kusini, wala hauna bandari. Umekaa chini ya vilima vyenye upepo na mvua nyingi, na katikati yake hupita mto mdogo uitwao Roch. Lakini ukiwauliza wenyeji wake wanajivunia nini, watakuongoza mpaka katika njia moja nyembamba iitwayo Toad Lane, wakuonyeshe nyumba ya matofali namba 31. Ndani yake lilikuwamo duka. Kwa nini duka dogo likawa fahari ya mji mzima? Hilo ndilo tutakalo kulieleza.

Tangu zamani watu wa Rochdale walifuma nguo za sufu, hasa zile nzito ziitwazo flaneli. Kwanza kazi ilifanywa majumbani, kila mtu na kitanda chake cha mfumi. Kisha zikaja mashine za mvuke, nayo mashine moja ikafanya kazi ya watu wengi. Ujira ukashuka. Katika miaka ile ya 1840 wafumaji wengi walikuwa katika dhiki kuu, na walipowaomba matajiri wawaongeze ujira hawakufaulu.

Tena hata huo ujira mdogo haukuwafaa kama ulivyopasa. Wenye maduka wengi waliuza vyakula vilivyochanganywa na takataka. Unga ulitiwa chokaa ili uwe mweupe na uwe mzito, na majani ya chai yaliyokwisha pikwa yalikaushwa yakauzwa mara ya pili. Mizani nayo haikuwa ya kuaminiwa. Na maskini angefanya nini? Alikuwa na deni katika duka lile lile, na mwenye deni hana uso wa kulalamika. Akienda duka jingine, yule wa kwanza atamdai mara moja. Basi deni lilikuwa kama kamba shingoni.

Ndipo wakakutana watu wachache, wengine wafumaji, wengine wenye kazi nyingine za mikono, wakashauriana. Wakasema, Kama hatuwezi kuongeza fedha iingiayo mkononi, na tuitunze ile itokayo. Wakaanza kuchanga peni mbili kila juma. Peni mbili ni kitu kidogo, lakini kwa mtu ambaye watoto wake hawashibi si kidogo hata kimoja. Wahenga wetu wamesema, Haba na haba hujaza kibaba. Nao walikijaza kibaba chao polepole, hata zikapatikana pauni 28. Katika hesabu ya mji, waanzilishi nao husemwa kuwa walikuwa watu 28.

Wakapanga chumba cha chini katika ghala moja ya Toad Lane, kwa kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Usiku wa Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1844, walifungua madirisha. Vitu vyao vilikuwa hivi: siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano, gunia moja la unga wa oti wa kupikia uji, na mishumaa michache. Basi. Husimuliwa kwamba vijana wa viwandani walikusanyika nje wakawacheka na kuwazomea, na wenye maduka wengine wakasema kwamba mtu mmoja mwenye rukwama angeweza kuvichukua vitu vyote kwa safari moja. Mwanzoni duka lilifunguliwa jioni mbili tu katika juma, kwa maana wauzaji wenyewe mchana walikuwa kazini.

Walakini hatuyasimulii haya kwa sababu ya siagi na sukari. Kabla yao vyama vya namna hii vilikuwapo katika Uingereza, na vingi vilikufa. Kilicholitofautisha duka la Rochdale ni kanuni zake, nazo twapenda kuzieleza moja moja.

Kwanza, kila mwanachama alikuwa na kura moja tu, ingawa mmoja ana hisa nyingi na mwingine ana moja. Fedha haikupewa sauti. Mtu ndiye aliyepewa. Nao wanawake waliweza kuwa wanachama wenye kura zao, wakati ambapo sheria ya Uingereza ilikuwa haijampa mke aliyeolewa haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Haki hiyo ilikuja kwa sheria za mwaka 1870 na 1882.

Pili, vitu viuzwe safi, visivyochanganywa, na kwa kipimo cha haki.

Tatu, hapana kukopesha. Kanuni hii ilikuwa ngumu, na yawezekana ilimfungia mlango maskini wa maskini, asiyeweza kungoja siku ya ujira. Lakini waanzilishi walikuwa wameona vyama vingine vikifa kwa madeni, na walijua wenyewe utumwa wa daftari la mwenye duka.

Nne, faida igawanywe kwa wanunuzi. Hili ndilo jambo lililowashangaza wengi, kwa hiyo tulifafanue kwa mfano. Tuseme duka limeuza vitu vya pauni 100. Baada ya kulipa gharama zote, na baada ya kuwapa wenye hisa riba ndogo yenye mpaka, zimebaki pauni 5, yaani shilingi 100. Zikigawanywa juu ya pauni 100 zilizouzwa, kila pauni moja ya manunuzi itapata shilingi moja. Basi mama aliyenunua vitu vya pauni 3 atapata shilingi 3, na jirani yake aliyenunua vya nusu pauni atapata peni 6. Hivyo mtu hakufaidika kwa kuwa tajiri, bali kwa kulitumia duka lake. Tena wengi hawakuichukua faida hiyo, waliiacha chamani kama akiba. Mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kuweka hata shilingi moja alijikuta ana akiba kwa sababu amenunua unga.

Tano, sehemu ya faida itumiwe kwa elimu. Juu ya duka wakaweka chumba cha kusomea magazeti na vitabu. Waliona kwamba chama kinachoongozwa na wanachama hakiwezi kuishi kama wanachama hawajui kusoma hesabu zake.

Duka likakua. Mwaka 1849 benki ya akiba ya mji ilianguka kwa udanganyifu, watu wengi wakapoteza walichokitunza kwa miaka. Hapo wakaligeukia duka la Toad Lane, maana hesabu zake zilisomwa mbele ya wote. Mwaka 1850 wanachama walikuwa 600, na mwaka 1860 walikuwa 3,450. Wale waliozomewa gizani wakawa na kinu cha kusagia ngano.

Lakini tusiwasifu bila kusema na makosa. Mwaka 1854 wanachama wa Rochdale walianzisha chama kingine, cha kiwanda cha pamba, kwa nia kwamba faida igawanywe pia kwa wafanyakazi wa kiwanda. Kazi iliponawiri, watu wengi wapya walinunua hisa kwa kutamani faida, na mwaka 1862 wakapiga kura, wakaifuta sehemu ya wafanyakazi. Waanzilishi walihuzunika sana. Tunajifunza hapo kwamba kanuni iliyoandikwa hailindi nia njema, kama wale wanaoingia baadaye hawakufundishwa sababu yake.

Miaka ile ile mji ulipata msiba mwingine. Tangu mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani viliizuia pamba, nayo pamba hiyo ililimwa na watumwa. Viwanda vya wilaya ya Lancashire vikasimama, watu wakakosa kazi na chakula. John Bright, mtu wa Rochdale aliyekuwa mjumbe wa Bunge na mwenye kiwanda cha pamba, alisema waziwazi kwamba haki iko upande wa kaskazini ya Marekani, ulioupinga utumwa. Na wafanyakazi wengi wa Lancashire waliungana naye, ijapokuwa kushikamana na neno hilo kuliwaongezea njaa. Huko Rooley Moor, mlimani juu ya mji, iko barabara ya mawe waliyoijenga wafanyakazi waliokosa kazi ili wapate posho. Watu huiita mpaka leo Barabara ya Njaa ya Pamba.

Na leo je? Moshi wa viwanda umekwisha. Katika miaka ya 1950 na 1960 walikuja watu kutoka Pakistani na sehemu ya Bengali kufanya kazi katika viwanda hivyo kabla havijafungwa, na wajukuu wao sasa ni wenyeji wa Rochdale kama wengine. Kazi zilipopotea mji uliona taabu, nao haujazimaliza. Lakini wenyeji hawakukubali kusahau. Mwaka 2016 walimaliza kuufunua tena mto Roch, uliokuwa umefunikwa katikati ya mji kwa miaka mingi, na daraja la kale likaonekana. Jumba kuu la mji, lililofunguliwa mwaka 1871, lilitengenezwa upya likafunguliwa tena mwaka 2024. Nalo duka namba 31 lilifanywa makumbusho tangu mwaka 1931. Mgeni akiingia huonyeshwa kaunta ya mbao, mizani na magunia, kama vile usiku ule wa Desemba.

Kwetu Afrika ya Mashariki habari hii si ngeni. Mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunganisha vyama vyao vya ushirika vikawa Chama Kikuu kimoja, chenye makao Moshi, ili wauze kahawa yao pamoja. Wao hawakuwa wafumaji, wala hawakununua siagi kwa mishumaa. Walakini msingi ni ule ule, kwamba wanyonge wakitia vyao pamoja na kuchunga hesabu kwa macho yao wenyewe, wataheshimiwa sokoni. Na hatari nayo ni ile ile: mwanachama asiyehudhuria mkutano, asiyeuliza fedha imekwenda wapi, amempa mwingine kura yake bila kujua.

Basi, kama katika kijiji chenu kimo chama cha ushirika, tunawaomba jambo moja. Siku ya mkutano hesabu zitakaposomwa, nendeni mkasikilize mpaka mwisho, na msipoelewa ulizeni. Na ninyi wanafunzi, wasomeeni wazee wenu daftari hilo kama hawajui kusoma. Wafumaji wa Rochdale walianza kwa peni mbili kwa juma; lakini kilicholidumisha duka lao ni kwamba kila mmoja aliweza kuliangalia daftari.

Hapa ndipo mazungumzo yetu ya leo yaishiapo.