Kifyatulio kinachokwaruza (revolva)

Kifyatulio kinachokwaruza ni hitilafu ya revolva ambapo kidole kinapovuta huhisi mikwaruzo au kukwama badala ya mwendo laini. Revolva ni bastola yenye silinda inayozunguka. Kila tundu la silinda hubeba risasi moja. Samuel Colt alipata hataza ya revolva yake nchini Marekani mwaka 1836.

Makala hii inatumia mfano wa Smith & Wesson Military & Police, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1899 na kuitwa Model 10 tangu 1957. Ni mojawapo ya revolva zilizoenea zaidi duniani.

Jinsi kinavyofanya kazi

Revolva hii hufyatuliwa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, nyundo huvutwa nyuma kwa kidole gumba hadi inaswe, kisha kifyatulio huiachia tu. Katika ya pili, kifyatulio peke yake hufanya yote: huzungusha silinda, hurudisha nyundo nyuma dhidi ya springi kuu, kisha huiachia. Kwa hiyo njia ya pili daima ni nzito zaidi, na uzito huo si ubovu.

Kutafuta chanzo

Kwanza risasi zote hutolewa, huhesabiwa na kupelekwa chumba kingine. Kila tundu hukaguliwa kwa macho na kwa kidole. Hatua hii hairukwi hata na mtu aliyezoea silaha miaka mingi, hasa yeye.

Kisha njia mbili hulinganishwa. Ikiwa ya kwanza ni safi na ya pili inakwaruza, mara nyingi tatizo liko kwenye sehemu zinazozungusha silinda au kwenye kitelezo kinachorudisha kifyatulio mbele. Inafaa pia kuhesabu. Mkwaruzo unaorudi kwenye tundu lilelile kila mzunguko huelekeza kwenye silinda yenyewe. Ukitokea kwenye matundu yote sita, chanzo huenda kiko ndani ya kiunzi.

Chanzo cha kawaida ni uchafu. Punje za baruti isiyoungua huingia chini ya nyota ya kutolea maganda, zikaiinua kidogo, na silinda ikazunguka kwa shida. Mswaki mkavu hutosha kuziondoa. Mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi huleta hali hiyohiyo. Fimbo ya kusukumia maganda nayo ikilegea, silinda hukwama na huenda isifunguke kabisa.

Yasiyofaa kufanywa nyumbani

Wengi hukata springi au hulegeza skrubu inayobana springi kuu ili kifyatulio kiwe chepesi. Huwa chepesi kweli, lakini nyundo hupiga fataki ya risasi kwa nguvu ndogo na risasi huweza kukataa kulipuka. Kupiga tupa kwenye kishikizo cha nyundo ni hatari zaidi: tabaka gumu la juu la chuma huondoka, na nyundo iliyovutwa huweza kuanguka yenyewe. Kazi hizo ni za fundi wa silaha mwenye kibali. Nchini Tanzania umiliki na utengenezaji wa silaha husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Uzito wa asili

Revolva ya Nagant ya mwaka 1895, iliyotumiwa na jeshi la Urusi, ina kifyatulio kizito sana hata ikiwa mpya na safi. Silinda yake husogezwa mbele ibane mtutu ili gesi isivuje, na kidole ndicho kinachoisukuma. Hakuna mafuta yatakayoilainisha.