Kasi Kubwa Kuliko Zote Haiogelewi

Muulize mtu yeyote pale bwawani: mwogeleaji wa mashindano ana kasi zaidi wakati gani? Atakuambia katikati ya mbio, mikono ikizunguka kama pangaboi. Hapana. Ana kasi zaidi kabla hajapiga mkono hata mmoja, pale anapoingia majini akitokea hewani.

Tufanye hesabu ya kidato cha tatu. Mwaka 2009 César Cielo wa Brazil aliogelea mita 50 kwa sekunde 20.91. Gawanya, unapata mita 2.4 hivi kwa sekunde. Sasa chukua mtu aliyeruka kutoka kwenye jukwaa. Akishuka mita 1 tu, mvutano wa dunia umeshampa mita 4.4 kwa sekunde kwenda chini. Ongeza msukumo wa miguu wa kama mita 4 kwa sekunde kwenda mbele, tumia Pythagoras, unakaribia mita 6 kwa sekunde. Yaani zaidi ya mara mbili ya Cielo! Kinachofuata chote ni kupungua, na fundi ni yule anayepungua polepole.

Msukumo wenyewe una siri yake. Jukwaa huwa sentimita 50 hadi 75 juu ya maji, na limeinama kidogo, si zaidi ya nyuzi 10. Ukikanyaga sehemu iliyo karibu tambarare, nguvu nyingi unaipeleka chini, na Newton anakurudishia kwenda juu, wakati wewe unataka kwenda mbele. Ndiyo maana majukwaa ya sasa yana kibao kilichosimama kwa nyuma, ambacho kwenye Olimpiki kilianza kutumika London 2012. Mguu mmoja unashika ukingo kwa vidole, wa pili unakisukuma kibao kwenda nyuma, mwili unafyatuka mbele. Mikono nayo inavuta ukingo, haikai pale kama pambo.

Ukiegemea mbele sana unatoka mapema, ila bila nguvu ya kutosha. Isitoshe, unakuwa kwenye ncha ya kudondoka. Sydney 2000, wenzake wawili Eric Moussambani wa Equatorial Guinea waliingia majini kabla ya ishara wakatolewa, akabaki kuogelea mita 100 peke yake.

Kwenye kuingia ndipo wengi tunapoharibu. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, kwa hiyo kila sehemu ya mwili inayoyapiga kivyake inakula kasi. Wajuzi wanapitisha vidole, kichwa, nyonga na miguu kwenye tundu lilelile. Tumbo likitua kwanza, watazamaji watafurahi kuliko wewe. Baada ya hapo unanyooka kama mkuki chini ya uso wa maji, maana juu kuna mawimbi yanayokurudisha, na huanzi kupiga miguu kama pomboo mpaka mteremko wa kasi ukaribie ile unayoweza kuitengeneza mwenyewe. Ukiwahi, unajifunga breki. Kwenye mtindo huru, kipepeo na chali, kichwa lazima kitokeze kabla ya mita 15.

Sasa rudisha zile mita 6 kwa sekunde kwetu. Bonanza la vitivo linakuja, na bwawa tunalokodi lina majukwaa upande wa kina kifupi, maji yanamfika mtu kifuani. Ukiingia wima pale, kutoka uso wa maji hadi sakafu ni kama robo ya sekunde. Ubongo ukishtuka na kuiambia mikono ijikinge, kichwa kimeshafika, na mzigo wa mwili mzima unaokuja nyuma unaishia shingoni. Shingo ikivunjika namna hiyo, mtu anaweza kupooza kuanzia mabegani kwenda chini. Kanuni za kimataifa zinataka angalau mita 1.35 za kina mbele ya jukwaa, kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani, na hicho ni kima cha chini kwa watu waliofundishwa. Wengi wetu tumejifunzia ziwani na baharini, hatujawahi kupanda jukwaa.

Nimeiandikia kamati ya michezo kupendekeza mbio zote zianzie upande wa kina kirefu, au waogeleaji waanzie ndani ya maji wakiwa wameshika ukuta. Eti itapunguza msisimko. Wajumbe wa vitivo, kikao ni Alhamisi, njooni na futi kamba tukapime.