Punje nne za mahindi na somo la moto wa kiangazi

Kiangazi kinapoingia Nyanda za Juu Kusini, moto wa kusafisha shamba moja unaweza kuteketeza miti ya kijiji kizima. Wasikilizaji wetu wa Mufindi, Iringa, wanaoishi jirani na msitu wa Sao Hill, wanalijua hilo, na wa Mbeya pia. Moto hauna mpango. Mti unawaka kwa sababu jirani yake unawaka. Leo tunaeleza mchezo wa hisabati unaoonyesha nguvu hiyo ya ujirani. Unaweza kuujaribu uani kwa punje za mahindi.

Mchezo huu ulibuniwa na mwanahisabati Mwingereza, John Conway, na ulitangazwa Oktoba 1970 katika jarida la Marekani, Scientific American. Unaitwa Mchezo wa Maisha. Wataalamu huita michezo ya aina hii otomata ya seli.

Chora ardhini visanduku kama vya daftari la hesabu, nane kwa nane. Kila kisanduku cha katikati kina majirani wanane, ukihesabu na wa kwenye kona. Kanuni ni tatu:

1. Punje yenye majirani wawili au watatu wenye punje inabaki.
2. Yenye chini ya wawili inakufa kwa upweke. Yenye wanne au zaidi inakufa kwa kubanana.
3. Kisanduku kitupu chenye majirani watatu kamili wenye punje kinapata punje mpya.

Hesabu visanduku vyote kwanza, ndipo ubadilishe vyote kwa pamoja.

Sasa panga punje nne, mbili juu na mbili chini, zikigusana kama tofali. Kila punje ina majirani watatu, kwa hiyo inabaki. Visanduku vya nje havifikishi majirani watatu, kwa hiyo hakizaliwi kitu. Hata ukirudia mara elfu, tofali halibadiliki.

Toa punje moja. Kisanduku ulichokiacha wazi kina majirani watatu, kwa hiyo punje inarudi kwa hatua moja tu. Tofali limejiponya.

Rudia tofali lako, kisha ongeza punje ya tano, ubavuni mwa mojawapo, kwenye mstari uleule. Hatua ya kwanza zinabaki tano, lakini zimetawanyika. Ya pili zinabaki tatu, ya tatu mbili. Hatua ya nne hakuna hata moja. Kupungukiwa kulitibika, lakini jirani mmoja wa ziada ameliangusha tofali lote.

Watafiti wa moto wa misitu hutumia njia hiyohiyo kwenye kompyuta. Wanagawa msitu katika visanduku, kisha wanaweka kanuni: chenye miti kinaweza kuwaka kama jirani yake anawaka. Mstari wa visanduku visivyo na cha kuungua unakata ujirani, na moto unakosa pa kupita. Hiyo ndiyo kazi ya barabara ya kuzuia moto.

Msitu wa kweli una upepo, na cheche huweza kuruka barabara hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, fyeka mpaka wako mpana, iarifu serikali ya kijiji, waambie majirani, na usiwashe siku ya upepo. Usalama wa shamba lako unaanzia pale linapopakana na la mwenzako.