Mkeka wa arusi ukipotea, maneno nayo hupotea

Arusi ni jambo la siku chache, lakini maandalizi yake aghalabu ni ya miezi mingi. Katika mataifa kadha wa kadha, sehemu ya maandalizi hayo hukabidhiwa mikono ya wanawake wa ukoo, nao humtengenezea bibi arusi kitu atakachokaa nacho maishani. Katika visiwa vya Shetland, huko Uskoti, wanawake wamekuwa wakifuma shali za sufu zenye matundu mfano wa lesi, nyembamba hata shali nzima yaweza kupenyezwa katika pete ya ndoa. Kwa wafugaji Wasomali wa Balambala, na wa Kaunti ya Garissa kwa jumla, jua haliruhusu shali ya sufu. Kimila, kitu ambacho wanawake wa huko humsukia bibi arusi ni nyumba.

Msomaji asidhani kuwa hii ni tamathali ya usemi. Nyumba ya kuhamahama, iitwayo aqal kwa Kisomali, ni kiunzi cha fito zilizopindwa, kisha kikafunikwa kwa mikeka. Wakati wa kuhama, fito na mikeka hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia, na kusimamishwa upya penye malisho. Mkeka ulio bora huitwa kebed. Husukwa kwa nyuzi za gome la ndani la miti ya jamii ya mgunga, na nyuzi hizo huitwa maydhax. Upande wa ndani huwa laini na wenye nakshi. Upande wa nje huachiwa nyuzi zinazoning'inia kama manyoya ili maji ya mvua yateremke bila kupenya.

Kazi hii ni ya wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Mama wa bibi arusi, shangazi zake, mama zake wadogo na majirani hushirikiana, maana mkono mmoja haulei mwana. Nyumba ikikamilika huwa ya mke. Huhesabiwa katika dhibaad, yaani mali ambayo jamaa za mke humpa binti yao, ilhali jamaa za mume hutoa yarad.

Hapa ndipo sisi wa taaluma ya isimu tunapovutiwa. Kiswahili kina arusi na mahari. Kisomali kina aroos na meher. Maneno haya yote asili yake ni Kiarabu, kwa hivyo kufanana kwake si ajabu. Lakini Kisomali pia kina aqal gal, maana yake ya moja kwa moja ikiwa ni "kuingia nyumba", na ndilo neno la kuanza maisha ya ndoa. Kiswahili nacho kina neno unyumba, lililoundwa kutokana na nyumba. Lugha moja ni ya Kikushi, nyingine ni ya Kibantu, wala hakuna iliyomkopa mwenzake katika hili. Kila moja imefikia kwa njia yake wazo kwamba ndoa ni mahali pa kukaa.

Tatizo ni kwamba mahali penyewe pamebadilika. Familia nyingi zimehamia katika miji na vituo vya kando ya barabara, na kuta za udongo, matofali na mabati zimechukua nafasi ya mikeka. Ukame wa kati ya mwaka 2020 na 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli kwa mfululizo, uliwanyang'anya wafugaji wengi mifugo yao. Asiye na mnyama wa kubebea nyumba ana haja gani na nyumba ya kubebwa? Katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991 katika kaunti iyo hiyo, kiunzi cha fito bado huonekana, lakini aghalabu kimefunikwa kwa matambara na maturubai.

Kazi inapokufa, msamiati wake haubaki nyuma kuomboleza. Binti aweza kuendelea kusema aqal kwa maana ya nyumba yoyote, asijue udub ni nguzo gani, wala maydhax hutoka wapi. Nasi wa Kiswahili tusimcheke. Kando ya Mto Tana, kuanzia pande hizo za Balambala hadi karibu na bahari, humea mikoma, na majani yake ndiyo miyaa ya mikeka ya pwani. Ni wanafunzi wangapi wa kidato cha nne wawezao kueleza ukili ni nini, au kutofautisha kusuka, kufuma na kusokota?

Yamkini msomaji atauliza kama namtaka msichana aache darasa arudi kuchuna magome. Hasha! Kusuka kebed ni kazi nzito ichukuayo muda mwingi, na iliwaelemea wanawake peke yao. Anayependa nyumba ya mawe na ajenge. Hata hivyo, kuiacha kazi kwa hiari ni jambo moja, na kuipoteza elimu yake bila ya kujua kuwa imepotea ni jambo jingine. Aliyeiacha kwa hiari aweza kuirudia. Aliyeipoteza hana pa kuanzia.

Walimu wana uwezo wa kuzuia hasara hii. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Serikali ikuze na kulinda uanuwai wa lugha za Wakenya. Kisomali kina maandishi rasmi ya herufi za Kilatini tangu mwaka 1972, hivyo hatuwezi kusingizia ukosefu wa tahajia. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, unahimiza wanafunzi wajifunze kwa kutenda. Basi shule na imwalike bibi ajuaye kusuka, imlipe kama inavyomlipa fundi yeyote, naye afundishe wavulana kwa wasichana. Wanafunzi wachore kila kipande, waandike jina lake kwa Kisomali, kisha watoe maelezo kwa Kiswahili. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Garissa wazikusanye orodha hizo na kuzihariri ziwe kamusi ndogo.

Nazo familia zinazojiandaa kwa arusi zaweza kusuka japo kebed moja, itundikwe katika ukuta wa nyumba ya matofali. Waijuao kazi hii vyema wengi wao ni wazee, na uzee haungojei bajeti. Likizo ijayo, mwalimu na amwagize kila mwanafunzi arejee na maneno kumi ya ususi kutoka kwa nyanya yake. Zoezi hilo halihitaji zaidi ya daftari na kalamu.