Maandamano: Kutoka Mkuki hadi Mikono Mitupu

Neno maandamano limetokana na kitenzi andama, yaani fuata. Kauli ya kutendana ndiyo inayolipa uzito wa kijamii: watu hufuatana, wala si mmoja kumfuata mwenzake. (Mwezi nao huandama, lakini huandama peke yake.) Makala hii inanuia kueleza jinsi kufuatana huko kunavyogeuka kuwa nguvu ya kisiasa.

Katika Kisii na Nyamira, upinzani dhidi ya mkoloni hukumbukwa kwa mkuki. Mnamo Januari 1908 Otenyo Nyamanterere alimchoma ofisa Mwingereza, Northcote. Kilichofuata ni msafara wa kijeshi ulioua watu, kuteketeza nyumba na kuswaga mifugo. Mkuki ulimpa mkoloni kisingizio. Hata hivyo, mikono mitupu nayo haikuwa kinga. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini Nairobi kudai Harry Thuku, mpinzani wa kipande na kodi, aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta wanaume kwa woga wao, umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku akapelekwa kizuizini Kismayu.

Kwa nini basi mbinu hiyohiyo ilifua dafu Marekani? Kwa maoni yangu, jibu ni shahidi. Mei 1963 huko Birmingham, Alabama, polisi waliwashambulia watoto wa shule kwa mbwa na mabomba ya maji, na runinga ikazifikisha picha hizo sebuleni mwa watu ambao hawakuwahi kujiona kuwa wabaguzi. Agosti mwaka huo watu wapatao 250,000 walifurika Washington; Sheria ya Haki za Kiraia ikatiwa saini Julai 1964. (Tom Mboya wetu alikwisha kuhutubia maandamano ya vijana jijini humo Aprili 1959, ya kupinga ubaguzi shuleni.)

Lakini shahidi huyo ni mgumu kuridhika: jiwe moja likirushwa, macho yake humgeukia mrushaji. Ndiyo maana wafuasi wa Martin Luther King walifanya mazoezi ya kutukanwa na kusukumwa bila kujibu, wakatia saini ahadi ya kutotumia nguvu.

Juni 2024, vijana walipoandamana mjini Kisii kama kwingineko nchini kupinga Mswada wa Fedha, shahidi alikuwa simu iliyo mkononi. Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inalinda kuandamana kwa amani bila silaha; hata hivyo, tarehe 25 watu waliuawa. Safari hii risasi zilizopigwa nje ya Bunge zilionekana papo hapo, hata na aliyekuwa Nyamira. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo.